Mlango Uliotangulia Nyumba

Mlango ulisimama kwanza. Hilo lenyewe si ajabu, kwani hapa Mji wa Kale mtu akitaka kujenga nyumba ya haja husimamisha mlango kabla ya ukuta, kisha mawe yakaufuata. Ajabu ni mlango kusimama peke yake miaka na miaka, umetiwa ufunguo, kulia hewa na kushoto hewa, na watu wazima wenye akili zao wakaja kuupigia hodi. Na asinicheke mtu kabla sijamaliza.

Mwenye mlango alikuwa Maleka binti Valli, Bohora, yaani Mwislamu wa asili ya Kihindi, mjane wa miaka thalathini na mmoja, aliyekaa kwa shemeji yake Sattar, muuza taa, katika kichochoro kimoja nyuma ya Ngome ya Yesu. Kazi yake ilikuwa achari. Alianika ndimu darini kwa Sattar tangu mumewe yu hai, na harufu ya hardali na uwatu ikishuka kichochoro kizima hata wapita njia wakameza mate. Waliokula walisifu. Lakini Maleka alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kuota mchana. Angekaa na kisu mkononi, ndimu nusu imekatwa, macho yako mbali, umwite mara tatu asikusikie. Sattar, aliyemwita Bhabi kwa kuwa ni mke wa nduguye, akisema, "Bhabi ameshaondoka tena. Akirudi mwambieni sufuria yaungua."

Alichokiona huko alikokwenda hakumwambia mtu. Aliona nyumba nyeupe ya mawe, ndani baridi, na balasi, mitungi mikubwa ya udongo, zimepangwa ukutani safu juu ya safu, kila moja imefungwa kitambaa cheupe shingoni. Aliona wanawake wameketi mikekani wakikata ndimu na kuzungumza polepole, na mwanga ukiingia kwa dirisha la juu, ukitembea kutoka balasi moja hadi nyingine kana kwamba unazihesabu. Maleka naye akizihesabu. Kila mara zilikuwa mia.

Basi mwanzo wa mwaka 1941, vita vya dunia vimepamba moto na Kilindini imejaa manowari, Maleka alifunga buibui lake akaenda kwa Bimdogo. Bimdogo huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye viwanja vitatu mtaani na ulimi mmoja uliotosha watu kumi. Viwanja viwili vilikuwa na nyumba. Cha tatu, kile kinachotazama maji, kilikuwa magugu na rundo la mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wataka kiwanja."

"Nani amekwambia?"

"Kila aniletaye bakuli lililofunikwa huwa ataka kiwanja." Bimdogo akafunua bakuli, akaonja achari kwa ncha ya kidole. Akaonja tena. "Wameshanijia wanaume watatu. Wa kwanza ati ataweka kinu cha mafuta. Wa pili, karakana ya magari. Wa tatu hata sikumbuki alisema nini, alikuwa na meno mazuri. Wote wameniachia mawe yale unayoyaona. Wewe wataka nini? Sema kwa kinywa, usiniangalie tu."

Maleka akafunua kinywa, na kwa mara ya kwanza ndoto yake ikatoka nje ikasikiwa na mtu. Nyumba ya achari, akasema. Siku ya kuifungua kuwe na balasi mia zimejaa na zimeiva, hata moja isipungue. Na kabla ya siku hiyo achari yake iwe imekwisha kuliwa Kisumu, kule reli inakofika ziwani.

"Kwa muda gani?"

"Miaka saba," akasema Maleka. Yalimtoka tu. Alipoyasikia masikioni mwake mwenyewe alitamani kuyarudisha.

Bimdogo hakucheka. Alimtuma mtu akamwite Abdulhalim, fundi wa kuchonga milango, mtu mpole mwenye macho makali kiasi kwamba kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia mtaa mzima ulimngojea yeye auone mwezi. "Mchongee huyu mlango," Bimdogo akamwambia. "Na pale juu utie mwaka atakaomaliza."

Abdulhalim akajikuna kichwa. "Mama, mwaka hutiwa nyumba ikisha. Kuchonga mwaka ambao haujafika, mimi sijapata."

"Leo utapata."

Mwaka wa Kiislamu ndio kwanza umeingia, elfu moja mia tatu na sitini. Fundi akahesabu kwa vidole, huu wa kwanza, ule wa pili, mpaka wa saba, na kwenye kizingiti cha juu, katikati ya maua ya mchongo, akachonga 1366. Masharti yakasemwa mbele yake awe shahidi. Mlango utafungwa na ufunguo utakaa kwa Bimdogo. Mwaka ule ukiisha na yale aliyoyasema Maleka hayajatimia yote, kiwanja kinarudi kwa Bimdogo na chochote kilichojengwa juu yake, mlango na yote; yakitimia, kinabaki kwa Maleka. Na kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bimdogo atakuja kubisha hodi.

"Nimekubali," akasema Maleka.

Ijumaa ya kwanza Bimdogo alikuja na kiti chake, akakiweka mbele ya mlango, akashika pete ya chuma akagonga. "Hodi!"

Maleka alikuwa upande wa pili, amesimama kwenye magugu, mbuzi wa jirani akimtazama. Angeweza kuchungulia ubavuni, kwani ukuta uko wapi? Lakini alishaonywa: utanijibu kwa nyuma ya mbao, nisikuone usinione, aibu isikufunge kinywa.

"Karibu, mama."

"Sikuja kukaribia. Umefanya nini wiki hii?"

We! Mtaa ulipata cha kucheka mwaka mzima. Wanawake wawili wakizungumza kupitia mlango usio na nyumba! Wapita njia wakabisha na wao, "Hodi wenyewe!" wakakimbia. Maleka aliona haya hata akatamani ardhi ipasuke. Lakini alipobaki peke yake aliweka kiganja juu ya mbao, akafumba macho, na nyumba ikaja. Akasikia visu vikikata ndimu, tk, tk, tk. Akanusa chokaa mbichi. Akifumbua macho, mbuzi yule yule.

Mwezi wa tatu akadanganya. Nalisema waziwazi kwani mwenyewe hakulificha. Aliulizwa, akajibu kwamba ametia chumvi balasi kumi na mbili. Zilikuwa tisa. Zile tatu alikuwa ameziota, na mtu anayeota sana hufika mahali asijue kipi amekifanya na kipi bado. Upande wa pili kiti kikalia. Mara akasikia bakora ikigonga mawe, na Bimdogo huyo, ameuzunguka mlango, anazihesabu balasi kwa ncha ya bakora. Moja. Mbili. Alipofika tisa akasimama.

"Mlango huu hauna ukuta, mwanangu. Ukinidanganya nitauzunguka." Akamtazama Maleka aliyekuwa akilia. "Lakini siku moja utakuwa na kuta, ukijaaliwa. Siku hiyo sitaweza kuzunguka. Sijui itakuwaje."

Tangu hapo Maleka hakumwambia uwongo tena. Kuna Ijumaa aliyoulizwa akajibu, "Wiki hii sikufanya kitu, mama. Nimeota tu."

"Umeota nini?"

Akamweleza. Dirisha la juu, mwanga, vitambaa shingoni mwa balasi. Bimdogo akasikiliza mpaka mwisho, hata kiti hakikulia.

"Haya. Ijumaa ijayo niletee kimoja katika hivyo. Kitambaa, dirisha, utakacho. Lakini nikishike kwa mkono."

Ikawa hivyo. Kila wiki kitu kimoja kilitoka ndotoni kikaja kushikwa. Wiki hii vitambaa ishirini vimekatwa. Wiki ile boriti tatu zimefika. Wiki nyingine hakuna, kwa sababu meli za Bara Hindi hazikuleta hardali, vita vimezizuia, na Maleka akasema hakuna, akapewa pole, akaulizwa wiki ijayo atafanyaje bila hardali. Akajifunza kutia uto wa ufuta na pilipili za Kilifi. Kumbe wapishi wa melini walioshuka Kilindini waliipenda hiyo zaidi, wakaja kichochoroni wakiiulizia kwa ishara za mikono.

Hapo ndipo alipokuja Jael, mke wa Joab, karani wa vifurushi katika reli. Walitoka bara, Wakristo, na Jael alikuwa na mikono ya haraka na kicheko cha karibu. Alikuja kuomba kazi ya kukata ndimu. Alipoambiwa kiwanda ndicho kile, alitazama mlango, akatazama mbuzi. "Mama Maleka, kwetu mlango hufuata nyumba."

"Kwetu hutangulia. Utafanya kazi au hufanyi?"

"Nitafanya. Nataka kuona mwisho wake."

Joab ndiye aliyepeleka chupa ya kwanza Kisumu, kwa mwenye duka mmoja jirani ya stesheni. Zikapita wiki tano bila habari. Ijumaa ya sita chupa ikarudi tupu, imeoshwa, na ndani yake kikaratasi: Imekwisha. Leteni nyingine. Siku ile Maleka hakungoja kuulizwa. Aliipitisha chupa pembeni ya mlango, mkono wake tu ukionekana, na mkono wa Bimdogo ukaipokea. Bimdogo alikaa nayo muda mrefu akiigeuzageuza. "Kisumu hiyo," akasema mwishowe. "Mimi mwenyewe sijapita Mariakani."

Vita vikaisha. Kuta zikaanza kuinuka, taratibu, ubavu huu na ubavu huu, mpaka mlango ukapata mabega. Maleka akaacha upenyo kwa nyuma wa kupitia mafundi na yeye mwenyewe, kwani mlangoni hakupita hata mara moja. Mwanzo wa mwaka 1947 makuli wa bandari waligoma, boriti zikakwama siku nyingi, naye akasema hivyo hivyo kupitia mbao. Macho ya Bimdogo nayo yalikuwa yakiingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema. Alikuja akipapasa ukuta kwa mkono, akakosa pete mara mbili ndipo akaishika. Lakini "Hodi" yake ilikuwa ile ile.

Sasa nakuja kwenye kosa, na ni kosa la kijinga mtu akilifikiria, ila nani kati yetu hajalifanya? Kwa sala na saumu, Maleka alihesabu kama jamaa zake Mabohora wanavyohesabu. Lakini kwa biashara alihesabu kwa kalenda ya karatasi iliyoning'inia dukani kwa Sattar, ile yenye picha ya maporomoko ya maji. Alisema miaka saba mwezi wa Januari, basi akilini mwake mwisho ni Januari. Kila Januari alitia mstari mmoja nyuma ya mlango kwa mkaa. Hakukumbuka kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi, kila mwaka unachomoka siku kumi na moja, na miaka saba ikichomoka hivyo unapoteza miezi miwili na nusu.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, Bimdogo akabisha. "Haya, Mfunguo Mosi huu. Bado Pili na Tatu, kisha mwaka umekwisha. Umefika wapi?"

Maleka akacheka. "Mama, mbona wanihimiza? Mpaka Januari."

"Januari gani? Pale juu pameandikwa Januari?"

Maleka akatoka mbio kwa upenyo wa nyuma, akazunguka nyumba nzima, akasimama barabarani akainua kichwa. Alikuwa akipita mbele ya maandishi yale kila siku. 1366. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakaa chini pale pale, mbele ya watu. Balasi zilizoiva zilikuwa sitini. Paa halijapigwa chokaa.

Akarudi nyuma ya mlango. "Mama, niongeze miezi miwili tu."

"Nani alitaja miaka saba?"

"Mimi."

"Nani alisimama hapa Abdulhalim akichonga?"

"Mimi."

"Basi mimi waniombea nini?" Sauti ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mlango wa hapa, mwaka wa hapa. Si karatasi ya Sattar, wala si hesabu ya jamaa zako. Mwezi wa Mfunguo Nne ukionekana, mwaka huu umekwisha."

Ah, zile wiki! Maleka aliacha kuota kwa sababu hakukuwa na nafasi. Ndimu ya achari inataka jua arubaini, si thelathini na nane, si thelathini na tisa. Balasi arubaini zilizobaki zikaanza kujazwa kwa zamu, Jael na wanawake wanne wakikata hadi vidole vikababuka kwa ndimu. Paa likapigwa. Mvua za vuli zikaanza kutishia, na kila wingu likipita balasi zilifunikwa na kufunuliwa. Sattar akaja mara kwa mara kusema, "Bhabi, zungumza na mwenye kiwanja, mtu mzima yule, ana huruma," na mara kwa mara akafukuzwa.

Ikafika Alhamisi, siku ya ishirini na tisa ya Mfunguo Tatu. Balasi tisini zilikuwa tayari. Kumi za mwisho zilikuwa zimepata jua thelathini na tisa. Siku moja, bwana wee! Siku moja ya mvua mwanzoni mwa mwezi ndiyo iliyowapunguzia. Mwezi ukiandama jioni ile, mwaka umekwisha, na kiwanja na nyumba na mlango vyote vya Bimdogo. Usipoandama, Mfunguo Tatu unatimia thelathini, na kesho Ijumaa ni siku nzima ya jua.

Bimdogo akataka kupandishwa darini. Abdulhalim akamshika mkono ngazi kwa ngazi, akamwekea kiti juu ya paa jeupe jipya. Na hapo Maleka akaona jambo ambalo hajawahi kuliona. Siku za kungojea mwezi watu wa mtaa hujaa darini, shingo zimenyooka, kila mmoja ataka awe wa kwanza. Leo walijaa, lakini wote walikuwa wametazama mashariki. Huyu anaanua nguo. Yule anamsuka binti yake, ameigeuzia magharibi mgongo. Sattar alikuwa amejifunika leso usoni, ati jua kali, na jua limeshazama. Na Abdulhalim, mwenye macho yale, alikuwa ameukabili ukuta akiusugua kwa kidole.

"Fundi, wafanya nini?" Bimdogo akauliza.

"Naikagua chokaa, mama."

Maleka alisimama peke yake katikati ya paa. Jamaa zake hawangojei mwezi, hesabu yao imekwisha kupangwa, kwa hivyo maisha yake yote hajawahi kuutafuta wala hajui mtu autafute wapi. Alikuwa akitazama tu. Aliangalia mapaa yakibadilika rangi, akanusa achari iliyopanda kutoka chini ambako Jael alikuwa akifunika balasi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi na moja akapotea kidogo, akaondoka kama zamani. Mawingu upande wa Kilindini yakafunguka. Ndani ya upenyo ule mlikuwa na uzi. Uzi mweupe, mfupi, umepinda.

Alidhani ni macho yake. Akapepesa. Ulikuwepo.

Hakuna mwingine aliyetazama. Mawingu yalikuwa yanarudi, na baada ya muda mfupi hakuna mtu duniani ambaye angemwambia kitu. Aliipenda nyumba ile kuliko alivyowahi kupenda kitu kingine tangu azikwe mumewe, na nasema hivyo bila kuongeza. Akatazama chini, akamwona Bimdogo kitini, macho yake meupe yameelekea hewani, na akakumbuka bakora ikigonga mawe, moja, mbili, mpaka tisa. Sasa kuta zilikuwapo. Bimdogo hangeweza kuzunguka.

"Mama," akasema, na machozi yanamtoka. "Mwezi ule pale. Nimeuona."

Mtu mmoja dari ya jirani akasema "Lo!" kwa uchungu. Abdulhalim akaacha kusugua ukuta lakini hakugeuka. Mawingu yakafunga.

Bimdogo akaisimamisha bakora yake. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie, "Nani mwingine ameuona?"

Wote wakazidi kutazama mashariki.

"Wewe Abdulhalim?"

"Mimi, mama, nimeona chokaa."

"Sattar?"

"Mimi nina leso usoni," akajibu Sattar.

"Fundi, mwezi huu wataka mashahidi wangapi?"

Abdulhalim akageuka sasa, uso umemchangamka. "Ramadhani hufungwa kwa shahidi mmoja, mama. Miezi mingine wawili. Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa."

"Na mimi nina mmoja." Bimdogo akagonga bakora sakafuni. "Basi haujaandama. Kesho ni thelathini. Niteremsheni, mgongo waniuma."

Ijumaa ile jua lilitoka tangu asubuhi, wala sikwambii lilikuwa jua la namna gani. Balasi kumi zilikaa darini wazi mpaka baada ya alasiri, na siku hiyo moja tu katika miaka yote ile Bimdogo alichelewa kuja kwa makusudi. Alipokuja, nyuma yake mtaa mzima. Akapapasa pete, akagonga.

"Hodi!"

"Karibu, mama."

"Umefanya nini wiki hii?"

"Nimemaliza," akasema Maleka.

Ufunguo ukasaga ndani ya kufuli. Mlango ulilia, ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu usimamishwe wakaonana pale mlangoni, mmoja ndani, mmoja nje. Bimdogo akaingia. Alikwenda balasi kwa balasi, akigusa kila kitambaa, akihesabu kwa sauti, na watu waliobaki nje wakihesabu pamoja naye. Sabini. Themanini. Alipofika ya mia akafungua kitambaa, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena, kama siku ile ya bakuli.

"Imeiva," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi sokoni. Jael alirukaruka na kisu mkononi hata watu wakamkimbia. Lakini Bimdogo akainua mkono. "Bado. Maleka, toka kwa nyuma, uzunguke uje mbele. Nyinyi wengine sogeeni huko."

Maleka akatoka asielewe. Alipofika mbele alikuta mlango umefungwa, na sauti ya Bimdogo ikatoka ndani, nyuma ya mbao, pale alipokuwa akisimama yeye. "Gonga."

Akashika pete. Ilikuwa ya moto kwa jua. "Hodi."

"Karibu. Niulize."

"Nikuulize nini, mama?"

"Unajua."

Maleka akaisogelea mbao. "Umefanya nini wiki hii?"

Nyuma ya mbao bakora iligusa sakafu. Kisha Bimdogo akaanza kusema, polepole, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake. Alisema kwamba kiwanja hiki alikirithi akiwa na miaka ishirini. Alitaka kujenga nyumba ya kushona kofia, wanawake thelathini wamekaa sindano mkononi, na madirisha yake alishayapanga kichwani yote. Hakumwambia mtu. Hakuna aliyemuuliza. Mwaka ukaenda na mwaka ukaja, na watu watatu wale aliwapa kiwanja ili apate kusema kwamba wao ndio walioshindwa.

"Na wiki hii," sauti ikasema, "jana, nilipanda darini nikakaa kitini. Mimi niliyeweka masharti. Na muda wote ule, mwanangu, nilikuwa naomba mawingu."

Maleka aliweka paji la uso kwenye mbao, chini ya ule mwaka, akalia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

"Mbona umenyamaza huko?" Bimdogo akauliza. "Nimekwisha kusema karibu. Mlango u wazi."

Akausukuma, akaingia.